Sura ya Nne: Kataa Neno, Usikatae Wito

"Nitajuaje kama ni Mungu ananiita, au ni mimi tu nimechoka?"

Swali hili niliulizwa Jumapili moja ya mwezi wa kumi, nje ya kanisa la kijijini, mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka Dodoma mjini. Ibada ilikuwa imekwisha. Chini ya mwarobaini, mzee wa kanisa alikuwa akinadi sadaka zilizotolewa kwa mali: debe la mtama, mayai sita ndani ya kikapu, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa kipande cha kanga. Aliyeniuliza ni mwalimu wa shule ya msingi, kijana ambaye hajafika miaka thelathini. Alinivuta pembeni, akaniamkia tena ingawa tulikwisha kuamkiana asubuhi, ndipo akalitoa swali lake kama mtu anayetua mzigo.

Mfukoni alikuwa na barua ya kukubaliwa chuo cha Biblia. Shuleni alikuwa na darasa la tatu lenye watoto wengi kuliko madawati. Usiku akisali, anasikia moyoni kwamba Bwana anamtaka amtumikie. Asubuhi akishika chaki, anajiona yuko mahali pasipo pake. "Wenzangu kwenye ushirika wanasema hiyo ndiyo sauti yenyewe," akaniambia. "Mama anasema huo ni uvivu, mwalimu."

Nimelisikia swali hilo kwa sura nyingi. Binti analiuliza anapowaza utawa huku kuna kijana wa watu anayemsubiri. Muuguzi wa zahanati analiuliza baba yake anapopooza huko Mpwapwa na ndugu wote wanamtazama yeye. Mzee aliyestaafu analiuliza kimyakimya, kwa kuwa anaona haya kuuliza kama Mungu bado ana kazi naye. Na mama anayeuza karanga stendi ananiambia: "Wito ni wenu ninyi mliosoma. Sisi tunatafuta riziki."

Jogoo alinunuliwa, akarudishwa na mnunuzi, akanadiwa tena. Muda wote huo sikuwa nimempa yule kijana jibu. Nilimwomba tukae.

Abee! Naam!

Mama akimwita mtoto, mtoto aliyelelewa vizuri haulizi akiwa mbali kwamba anatakiwa kwa lipi. Wa kike ataitika "Abee!", wa kiume "Naam!", na miguu tayari inakwenda. Anayepiga kelele "Nini?" kutoka nyuma ya nyumba atakumbushwa adabu mara moja. Akishafika na kusimama mbele ya mama yake, ndipo anaposikia alichoitiwa. Pengine ni kwenda kwa jirani kuomba chumvi, pengine ni kuwafukuza mbuzi walioingia kwenye uwele. Pengine hakuna kazi yoyote: mama alitaka tu kumwona alipo.

Wito, kwa lugha ya kanisa, ni Mungu kumvuta mtu aje kwake na kumpa sehemu katika kazi anayoifanya duniani. Katika maelezo hayo mna mambo mawili, na ndiyo yanayotuchanganya. Kuna kuitwa, na kuna lile unaloitiwa. Wahenga walikwisha kuyatenganisha waliposema: kataa neno, usikatae wito. Jirani akikuita, nenda. Ukifika ukalisikia neno lake, hapo una ruhusa ya kulipima na hata kulikataa. Kutokwenda ndiko kunakovunja ujirani.

Msomaji makini ataniuliza: neno la Mungu nalo linakataliwa? Lake halikataliwi. Ila maneno mengi tunayoambiwa kuwa ni yake yanatufikia kwa vinywa vya watu, na mengine yanatoka katika mioyo yetu wenyewe, ambayo tunajua inavyoweza kutudanganya. Hayo tuna wajibu wa kuyapima.

Mtazame kijana Samweli pale Shilo. Alisikia jina lake usiku, akainuka akakimbilia kwa mzee Eli, kumbe siye aliyemwita. Mara tatu alikosea mwitaji, na hakuna mahali Maandiko yanapomlaumu. Alikuwa hajaijua sauti bado, lakini mwili wake ulikwisha kuzoea kuinuka. Mtoto asiyeinuka angekosea mara chache zaidi, na asingesikia lolote.

Wengi wetu tumeligeuza jambo hili. Tunataka neno kwanza: kituo cha kazi, posho, nyumba ya kuishi, mwisho wa safari. Tukiridhika ndipo tuitike.

*Kwa ufupi: kuitika hutangulia kujua. Unachopaswa kukipima ni neno, na huwezi kulipima hujasogea karibu.*

Cherehani ya Dorkasi

Neno "wito" limebanwa sana. Tukisema fulani ana wito, tunamaanisha upadre, uchungaji au usista. Mtu akiacha benki akaenda chuo cha theolojia, kanisa zima linashangilia. Akiacha kuhubiri ili akafundishe hisabati sekondari ya kata, tunasema amepoa.

Maandiko hayabani hivyo. Mtu ambaye Kitabu cha Kutoka kinasema Mungu alimjaza roho yake kwa ajili ya kazi ni Besaleli, na kazi yenyewe ilikuwa kuchonga mbao na kufua dhahabu na fedha. Amosi alikuwa mfugaji na mtunza mikuyu, na alipoambiwa arudi kwao akasema wazi kwamba hakuwa nabii wala mwana wa nabii. Dorkasi wa Yafa alipofariki, wajane hawakumsimulia Petro mahubiri yake. Walimwonyesha nguo alizowashonea. Naomba mama wa karanga na mafundi cherehani wote wa barazani pale Majengo waisome habari hiyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, taratibu.

Makanisa yetu yamelifundisha hili, ingawa tunalisahau. Martin Luther alilipigania katika karne ya 16, akikataa kwamba wito ni mali ya watawa na makasisi. Wakatoliki walilisema kwa nguvu katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu uliofanyika Roma kati ya 1962 na 1965: waumini wote, kila mmoja katika hali yake ya maisha, wameitiwa utakatifu.

Mwalimu aliyetoka Kigezi

Mwanafunzi anayepita leo katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, eneo la Kikuyu hapa Dodoma, anakanyaga mahali ambapo jambo hili lilionekana kwa macho. Chuo hicho kilianza mwaka 2007. Kabla yake majengo yalikuwa ya sekondari ya Mazengo, iliyopewa jina la mtemi mashuhuri wa Wagogo. Na kabla ya kuitwa Mazengo, shule hiyo iliitwa Alliance, kwa kuwa ilikuwa ya ubia wa misheni za Kiprotestanti.

Katikati ya miaka ya 1940 alifika hapo mwalimu kijana kutoka Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda. Jina lake Festo Kivengere. Alizaliwa mwaka 1919 katika jamii ya wafugaji na utotoni alichunga ng'ombe. Alikuwa ameguswa na uamsho wa Afrika Mashariki, yaani ule mwamko wa kiroho ulioanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kusambaa hadi Kenya na Tanganyika, watu wakitubu hadharani, wakirudisha walivyoiba na kupatana na waliowachukia. Yeye mwenyewe, mara tu baada ya kuokoka, alipanda baiskeli akaenda mbali kumwambia mmisionari mmoja mzungu kwamba alikuwa akimchukia, na kumwomba msamaha.

Kivengere na mkewe Mera walikuja Dodoma, zaidi ya kilomita 800 kutoka kwao, kuwa walimu. Nalirudia neno hilo kwa sababu watu wanalipita haraka: walimu. Hakuwa kasisi. Alikuwa na ubao, chaki, madaftari ya kusahihisha na wavulana waliotoka kila pembe ya Tanganyika. Alihubiri pia, sana, ila mkate wake ulitoka darasani, na darasani ndipo wanafunzi walipomwona kila siku, siku alizokuwa mchangamfu na siku alizokuwa na homa. Alikaa Dodoma zaidi ya miaka 10. Alirudi Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950, na huko pia akaendelea na kazi ya elimu. Ukasisi aliupata katika miaka ya 1960, akiwa amevuka umri wa miaka 40. Mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi.

Jina lake lilivuma duniani baada ya Februari 1977, pale Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere alikuwa kwenye orodha ya waliotafutwa. Yeye na Mera walivuka milima usiku kwa miguu wakaingia Rwanda. Akiwa uhamishoni aliandika kitabu kidogo juu ya kumsamehe na kumpenda mtu yule yule aliyemfukuza. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 alirudi kwa watu wake, na aliwatumikia hadi alipofariki mwaka 1988.

Sasa, mtu akiyasoma maisha hayo kutoka mwisho anaona askofu shujaa, na ile miaka ya Dodoma anaiona kama chumba cha kungojea. Mimi naona kinyume chake. Mtu hapati moyo wa kumsamehe dikteta katika usiku mmoja wa kuvuka milima. Moyo huo unashonwa kidogo kidogo, kwa kumsamehe mwanafunzi mkorofi, mwalimu mwenzako anayekusema nyuma ya mgongo, na mke au mume mliyeamka hamzungumzi.

Na hili la mke alilisimulia mwenyewe. Siku moja alikuwa amekosana na Mera, akatoka kwenda kuhubiri. Njiani akasikia Roho akimwambia arudi nyumbani, apatane naye, wasali pamoja. Akajitetea kwamba watu wanamngoja na saa imefika, atapatana naye akirudi. Jibu alilolisikia ndani yake lilikuwa la upole, nalo lilimmaliza nguvu: basi, wewe nenda kahubiri, mimi nitabaki jikoni na mkeo. Akageuza, akarudi jikoni.

Naipenda habari hiyo kuliko ile ya milima. Mtu alikuwa njiani kuelekea kwenye wito wake, kumbe mwitaji amebaki nyuma karibu na mafiga. Kama Kivengere angeshikilia kwamba wito wake ni mimbari peke yake, angefika kwa wakati, angehubiri vizuri, na angekuwa peke yake.

Maji ya korongoni

Turudi kwa swali: nitajuaje? Kanisa lina neno la kazi hiyo, utambuzi. Maana yake ni kuchuja unayoyasikia moyoni hadi ujue lipi latoka kwa Mungu, lipi latoka kwako, na lipi latoka kwa mwingine anayekutakia mabaya.

Mimi utambuzi nilifundishwa na shangazi yangu, ingawa hakulitumia neno hilo hata siku moja. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na ikifika Oktoba makorongo mengi ni mchanga mtupu. Wanawake huingia korongoni alfajiri wakachimba. Wanachimba hadi kiunoni, na mwaka mbaya hadi kichwa kisionekane. Mchanga ukianza kulowa, wanaacha kuchimba. Maji ya kwanza yanayojikusanya ni tope. Shangazi aliyateka akayamwaga pembeni, akakaa ukingoni. Yakaja mengine, akayamwaga pia. Akakaa tena.

Nilikuwa na miaka minane au tisa, kiu inanishika, na jua linachomoza. Nikaingia shimoni na kata, nikaizamisha kwa nguvu hadi chini. Maji yote yakageuka rangi ya udongo. Shangazi hakunipiga wala hakunisema. Aliichukua kata, akayamwaga, akakaa tena ukingoni mikono magotini. Tulingoja hadi kivuli cha ukingo kikafupika. Kisha akateka, juu juu, kata yake haigusi chini, na maji yalikuwa meupe kabisa.

Maji ya kwanza ya moyo ni tope pia. Yana uchovu ndani yake, yana hasira juu ya mkuu wa kazi, wivu kwa rafiki aliyefanikiwa, na tamaa ya kuitwa mtumishi. Tope hilo si dhambi lote, na Mungu anaweza kutumia hata uchovu kumwamsha mtu. Ila usiyanywe, wala usiyagawe kwa watu ukisema haya ndiyo maji. Yamwage mbele zake katika sala, kwa majina yake: nimechoka, namwonea wivu fulani, naogopa kuzeekea kijijini. Halafu ngoja. Neno linalotoka kwake lina tabia ya kurudi likiwa safi zaidi. Tamaa inapungua ukiikalisha.

Mzee asiyefaidika

Samweli hakuijua sauti peke yake. Alihitaji Eli, na Eli hakuwa mzee wa kusifiwa: macho yamefifia, wanawe wameichafua nyumba ya ibada, naye hakuwazuia. Hata hivyo ndiye aliyemwambia kijana arudi akalale na aitike. Asubuhi yake akamlazimisha asimfiche lolote, na ujumbe wenyewe ulikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli.

Huo ndio mzani ninaoupendekeza kwa kila anayetafuta mshauri. Mtafute mtu asiyefaidika na jibu lako, ikiwezekana hata anayepoteza kitu ukikubali. Kiongozi anayekuambia Mungu amemwonyesha uhamie kwake, umtumikie yeye, umpandie mbegu ya fedha yeye, au uolewe naye, huyo si Eli. Anaweza kuwa amesema kweli mara moja katika mia, lakini wewe usiwe mtu wa kumjaribia.

Haya si maneno ya kupamba kitabu. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wakiwamo watoto wengi. Walikuwa waumini waliofundishwa kwamba wakifunga kula hadi kufa watakutana na Yesu. Wengi wao walikuwa watu wenye kiu ya kweli ya Mungu. Waliitika, na hilo sitawalaumu kamwe. Waliondolewa kwanza kwa ndugu, kwa shule, kwa hospitali na kwa majirani, hadi hapakubaki mtu wa kuwasaidia kulipima neno.

Kwa hiyo, kabla hujachukua hatua kubwa, jiulize haya, na uyajibu mbele ya mtu mwingine:

- Neno hili linanisogeza kwa watu, au linanificha wasinione?
- Nani anapata fedha, cheo au mamlaka juu yangu nikilikubali?
- Naweza kulisimulia mbele ya mwenzi wangu au mzazi wangu bila kupunguza kitu?
- Lingekuwa halina jina wala heshima, ningelitaka bado?

Watu huniuliza habari za Yakobo na Yohana walioacha nyavu na baba yao chomboni. Marko anataja jambo dogo ambalo wahubiri hulipita: mzee Zebedayo alibaki na watu wa mshahara. Wanawe waliacha mengi, ila baba yao hakuachwa azivute nyavu peke yake. Mtu anayeacha kazi kwa imani huku ada ya watoto na deni la duka vikibaki kwa mke wake, hajaacha nyavu. Amemwachia mwingine azivute.

Upande wa pili upo pia. Jamii inaweza kuchelewa kuutambua wito wa kweli. Askofu Godfrey Mdimi Mhogolo, aliyeiongoza Dayosisi ya Central Tanganyika kuanzia 1989 hadi alipofariki 2014, aliwaweka wanawake katika ukasisi wakati majirani wengi wa kanisa lake waliona haiwezekani. Ushauri wa wazee ni mzani. Mzani nao, kila mwenye duka anajua, hukaguliwa.

*Kwa ufupi: ngoja maji yatulie, na usipime peke yako. Pima pamoja na mtu asiyekula faida ya jibu.*

Aliyerudishwa pwani

Kuna wakati umesali, umengoja, wazee wameafiki, umeanza safari, na mlango unafungwa usoni pako.

Mwaka 1876 kundi la wamisionari wa shirika la CMS la Uingereza lilipita hapa kwetu likielekea Uganda. Kati yao alikuwamo Alexander Mackay, Mskoti, fundi wa mitambo wa miaka 27. Hakuwa mhubiri kwa elimu yake. Alijua chuma, mbao na mashine. Homa ilimwangusha njiani, wenzake wakaendelea kuelekea ziwani, yeye akarudishwa pwani. Kwa hesabu ya kawaida safari yake iliishia hapo.

Alipopata nafuu hakukaa Zanzibar kuomboleza Uganda. Mwaka 1877 alianza kufyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kama kilomita 370 za vichaka, mito na matope, ili magari ya kukokotwa na ng'ombe yapite. Ng'ombe wenyewe walikufa kwa wingi kwa kuumwa na mbung'o. Kati ya wenzake waliotangulia, wawili waliuawa Ukerewe mwezi Desemba mwaka huo huo. Sithubutu kusema homa ilikuwa njama ya Mungu ya kumwokoa yeye na kuwaacha wao. Mwenye kusema hivyo hajawahi kukaa matangani na mama wa marehemu. Nasema tu kwamba mlango ulipofungwa, Mackay alitazama mikononi mwake akakuta shoka, akaanza nalo. Uganda aliifikia mwishoni mwa 1878. Huko alichapa vitabu, akafua vyuma, akafundisha vijana, na hakurudi kwao tena. Alifariki Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1890.

Mlango uliofungwa hauna maana moja. Unaweza kuwa hapana, unaweza kuwa bado. Kutoka nje huwezi kujua. Unachoweza kujua ni kazi gani iko mkononi asubuhi hii, na nani anaingoja.

Naam ya kila siku

Hivi ndivyo nilivyomwambia yule mwalimu chini ya mwarobaini, kwa maneno machache kuliko haya. Sikumwambia aende chuoni wala asiende. Nilimwomba mambo matatu: barua aionyeshe kwa mama yake, maana alikuwa ameificha, amweleze mwalimu mkuu na mchungaji wake kile kinachomsumbua, na kwa muhula mmoja mzima, kila asubuhi kabla ya kengele, asimame mlangoni mwa darasa aseme "Naam, Bwana", kisha aingie kama mtu aliyeitiwa humo.

"Na nikiendelea kujisikia vilevile?"

"Utakuwa umemwaga tope. Tutakaa tena ukingoni."

Mwezi wa nne nilipita shuleni kwake. Mtama ulikuwa umekomaa, na njia nzima nilisikia watoto wakipiga madebe kuwafukuza ndege. Alinisalimia akanipa kiti nyuma ya darasa. Chuo alikuwa amekiandikia kuomba nafasi yake isogezwe mwaka mmoja, na mama yake ndiye aliyeipeleka barua posta. Hilo aliniambia haraka haraka, kwa kuwa alikuwa na daftari la mahudhurio mkononi.

Akaanza kuita majina. Kila jina likajibiwa: "Nipo!" Wengine kwa sauti ya usingizi, wengine kwa kuruka kwenye dawati. Jina moja la kike halikujibiwa. Akaliita tena, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

"Yuko wapi?"

"Anaamia ndege shambani kwa bibi yake, mwalimu. Tangu Jumatatu."

Hakuweka alama yoyote. Alimaliza majina yaliyobaki, akafundisha kipindi chake, akanisindikiza hadi barabarani. Kisha akarudi kuchukua baiskeli ya mwalimu mkuu, akaniuliza kama naifahamu njia ya kwenda kwa yule bibi.